Pindo la Gari: Historia Fupi ya Jina Lililokosekana

Utangulizi

Lugha hutoa jina pale mkono unapogusa. Baharia ana jina la kila kamba ya jahazi lake, na mkulima wa Kagera ana jina la kila sehemu ya mgomba, kwa kuwa asipozitofautisha sehemu hizo kazi yake itaharibika. Gari nalo limekuwa nasi kwa muda mrefu, na sehemu zake nyingi zimekwisha kupata majina ambayo mtoto wa shule huyataja bila kusita. Hata hivyo liko fungu moja la sehemu za nje ya gari ambalo halijapata jina moja linaloeleweka kwa wote. Tunakusudia zile kanda nyembamba za chuma king'aacho, za mpira na za plastiki ambazo huzunguka vioo, milango, taa na paa, na ambazo huonekana zaidi katika magari ya kifahari.

Makala haya yana nia ya kueleza jinsi pengo hilo lilivyotokea, hasara yake kama tulivyoishuhudia katika wilaya za Bukoba na Muleba, na neno ambalo tunaona linafaa kulijaza. Huenda msomaji akauliza kwa nini watu wa istilahi wajishughulishe na uoshaji wa magari ya wenye nafasi. Jibu letu ni hili: gari ni la mwenye nafasi, lakini kazi ya kuliosha ni ya kijana asiye na nafasi. Kijana huyo akiharibu kitu kwa kutoelewana na mwenye gari juu ya neno, ni yeye anayekosa ujira wake.

Chimbuko la majina ya sehemu za gari

Majina tunayoyatumia yametoka katika visima vitatu. Kisima cha kwanza ni Kiswahili kama kilivyokuwapo kabla ya injini kufika. Neno gari lenyewe lilitoka Bara Hindi, ambako lilikuwa jina la chombo cha kukokotwa. Hapa kwetu likaitwa gari la farasi, kisha gari la moshi, na hatimaye likasimama peke yake. Usukani ulitoka katika jahazi. Nahodha aliyejua kwamba usukani ndio unaogeuza chombo hakuhitaji kufundishwa neno jipya alipoona gurudumu mikononi mwa dereva. Mlango, kioo, taa na kiti vilitoka nyumbani. Maneno haya hayakubuniwa na kamati yoyote. Watu waliona kazi ya kitu, wakakumbuka kitu chenye kazi kama hiyo, wakalihamisha jina.

Kisima cha pili ni karakana. Humo yalitoka breki, klachi, gia, tairi, bampa, boneti, buti, rejeta na kabureta. Maneno haya yaliingia kwa sikio, kutoka kinywa cha fundi mkuu hadi kwa mwanagenzi wake, nayo yakavaa sauti za Kiswahili. Faida yake ni kwamba yameenea kote. Kasoro yake ni kwamba maana ya ndani ilibaki mlangoni. Chukua neno madigadi. Kwa Mwingereza neno hilo lasema wazi kwamba kitu hiki ni kinga ya matope. Kwa Mswahili ni jina tupu, wala halimkumbushi mtu kwamba tope linalozuiwa pale hubaki palepale na kwamba hapana budi litolewe.

Kisima cha tatu ni kazi ya vyombo vya lugha. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Mwaka 1964 kazi yake ilichukuliwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge. Taasisi ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, nalo Baraza lilitoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Katika kazi hizo majina ya mashine yalipewa nafasi kubwa, lakini jicho la mwanaistilahi, kama jicho la fundi, lilielekea zaidi kwenye injini.

Sababu yake si ngumu kuiona. Karakana hukipa jina kile kinachovunjika na kununuliwa dukani. Breki ikifa, gari halitembei salama. Rejeta ikitoboka, safari imekwisha. Lakini ukanda unaozunguka kioo ukichakaa, gari huendelea na safari kama kawaida. Fundi haulizwi juu yake, muuza vipuri hauweki rafuni, na mwenye gari hauoni mpaka kutu imekwisha kula bati lililo chini yake. Hivyo sehemu hiyo ilianguka kati ya fundi na mwosha magari, na hapana aliyeiokota.

Yafaa pia tukumbuke kwamba watu wetu hawakukosa ubunifu wa kulitaja gari la kifahari. Katika miaka ya 1960 neno wabenzi lilienea Afrika Mashariki. Waliopanda magari ya Mercedes-Benz walipewa kiambishi cha wa-, kana kwamba ni kabila miongoni mwa makabila. Baadaye, magari makubwa ya kupanda milima yalipokuwa alama ya ukubwa serikalini, Watanzania waliyaita mashangingi, jina ambalo hapo awali lilikuwa la mwanamke mjuzi wa anasa za mjini. Mwenye gari alipata jina, na gari lenyewe likapata jina. Pambizo za gari, ambazo ndizo hasa zinazolifanya lionekane la kifahari, hazikupata.

Bukoba, Muleba na magari yao

Mji wa Bukoba ulianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890 kwa niaba ya Wajerumani, kando ya Ziwa Viktoria. Kwa miaka mingi mzigo mkubwa uliufikia kwa meli. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na kutoka hapo shehena ilivuka ziwa. Njia nyingine ilikuwa ya nchi kavu kutoka Uganda kupitia Masaka, Mutukula na daraja la Kyaka katika Mto Kagera, daraja ambalo majeshi ya Idi Amin yalilibomoa mwaka 1978. Kwa njia hizo mbili yaliingia magari, na pamoja nayo yaliingia maneno. Jina motokaa, ambalo pwani lilishindwa na gari, lilipata nguvu upande wa ziwa, kama lionekanavyo hata leo katika mmotoka ya Waganda.

Bei ya kahawa ilipopanda katika miaka ya 1950, na chama cha ushirika cha wakulima wa Bukoba kilipokwisha kusimama, fedha ziliingia vijijini. Gari halikuwa tena la mtawala, mmisionari na mfanyabiashara wa Kihindi peke yao. Katika vilima vya Kamachumu na Rubya, wilayani Muleba, gari zuri lilikuwa ushahidi kwamba mtoto amesoma au kahawa imelipa. Gari la namna hiyo halikuoshwa kwa ajili ya usafi tu. Lilioshwa kabla ya arusi, kabla ya misa ya Jumapili na kabla ya kumpokea mgeni, nalo lilipimwa kwa mng'aro wa vyuma vyake.

Lakini nchi yenyewe haipendi vyuma. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, nayo ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Udongo wa barabara za vijijini ni mwekundu na laini kama unga. Wakati wa kiangazi unga huo hupenya kila mwanya. Mvua ikinyesha hugeuka ujiji, nao hushikilia maji kama sifongo. Barabara kuu ya Bukoba hadi Muleba sasa ina lami, lakini anayekwenda nyumbani kwake huiacha lami na kuingia katika njia ya migombani. Hapo ndipo tope linapomngoja.

Zamani magari yalioshwa ufukweni. Dereva aliingiza magurudumu ya mbele katika maji ya kina kifupi, akachota kwa ndoo na kumwaga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kwa haki kabisa, maana mafuta na sabuni vilikuwa vinaingia katika maji yanayonywewa. Waosha magari wanaoizingatia sheria hiyo hufanya kazi katika mabanda yenye mashine ya presha. Badiliko hilo lilileta jambo ambalo wachache walilitazamia: maji ya ndoo yaliteremka juu ya ukanda na kwenda zake, lakini maji ya presha, yakielekezwa vibaya, husukuma tope nyuma ya ukanda na kuliacha humo.

Mahali pasipofikika

Kabla ya kuzungumza juu ya jina, inatupasa tukieleze kitu chenyewe. Sehemu tunazozikusudia ni hizi: ukanda wa chini ya kioo cha mlango, mpira unaokishika kioo cha mbele na cha nyuma, mfereji mdogo wa paa unaochukua maji ya mvua, ukanda unaopita ubavuni mwa milango, fremu za taa, matundu ya shoo iliyo mbele ya rejeta, nembo, na shimo lililo nyuma ya kishikio cha mlango. Kitambaa hupita juu ya sehemu hizi bila kuingia ndani yake. Waosha magari tuliowatazama hutumia mswaki mkuukuu, kijiti kilichoviringwa kitambaa, na kipande cha dodoki kilichokatwa chembamba. Zana hizi si duni. Mswaki wenye nywele laini, maji yenye sabuni nyepesi na subira ndivyo vinavyotakiwa.

Tatizo ni kwamba sehemu hizi, ingawa zinakaa pamoja, hazikuumbwa kwa kitu kimoja. Bampa na fremu za magari ya zamani ni chuma kilichopakwa nikeli, kisha juu yake kromu. Tabaka la kromu ni jembamba mno, nalo lina vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji yenye chumvi na tope yakikaa juu yake siku nyingi hupenya hadi kwenye chuma, na vipele vya rangi ya kahawia hutokeza. Kanda nyingine ni za alumini iliyokingwa kwa tabaka lake maalumu; tabaka hilo likisuguliwa kwa kitu kikali au kupakwa sabuni yenye magadi makali, hufifia na kuwa jeupe kama chokaa, wala halirudi. Mipira hailingani na mafuta ya taa, ambayo huivimbisha na kuilegeza. Plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, ambayo imechukua nafasi ya kromu katika magari mengi tangu miaka ya 1980, huchukia nta ya kung'arishia: nta ikikauka katika vinyweleo vyake huacha weupe usiotoka kwa urahisi.

Kwa hiyo kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Hapo ndipo jina linapokuwa jambo la lazima.

Neno moja, hasara mbili

Katika karakana na mabanda, kila kilicho cheupe na king'aacho huitwa nikeli. Neno hili lina historia ya kweli ndani yake. Kabla kromu haijaenea mwishoni mwa miaka ya 1920, vyuma vingi vya kung'aa vya magari vilipakwa nikeli. Teknolojia ilibadilika, jina likabaki. Si jambo la ajabu. Lugha nyingi hufanya hivyo. Lakini nikeli ya leo hujumuisha chuma cha kromu, alumini, chuma kisichoshika kutu, na hata plastiki iliyopakwa mng'aro.

Tulikuwa Muleba katika ukusanyaji wa maneno ya kazi za mikono tuliposhuhudia matokeo yake. Mzee mmoja mstaafu alileta gari lake la kifahari la miaka ya 1980, ambalo alilitunza kama mboni ya jicho. Kijana aliliosha vizuri. Mzee akalizunguka, akainama karibu na kioo cha mlango.

"Kijana, nikeli ya dirisha umeiacha. Ina weusi."

"Samahani, waitu. Naisugua sasa hivi."

Kijana akachukua waya wa kusugulia masufuria na sabuni ya unga, akausugua ukanda kwa juhudi yote, kama alivyokuwa amefundishwa kuondoa kutu katika bampa. Ukanda ule ulikuwa wa alumini. Ulipokauka ulikuwa na mikwaruzo na mawingu meupe kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza nani aliyemwambia atumie waya.

"Mzee wangu, wewe ulisema nikeli," kijana akajibu. "Nikeli ndivyo inavyosuguliwa."

Ujira wa siku ile haukulipwa, wala hatuwezi kusema kwamba mmoja wao alikuwa mwongo. Mzee alitaja jina alilolijua. Kijana alifuata jina aliloambiwa. Nasi tuliokuwa na madaftari mkononi hatukuwa na neno la kuwapa. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza.

Hasara ya pili ilikuwa yetu wenyewe. Katika rasimu tuliyokuwa tumeiandaa, sehemu hizi tuliziita mapambo ya nje. Tulipolijaribu neno hilo kwenye banda moja la Bukoba, tukaomba mapambo ya nje ya gari yasafishwe, kijana aliyetuhudumia alisafisha kwa uangalifu kabisa vibandiko vya kioo cha nyuma, kijibendera kilichokuwa mbele na nembo. Mfereji wa paa na mipira ya vioo hakuigusa. Hakukosea. Katika Kiswahili pambo ni kitu kinachoongezwa juu ya kitu kilichokwisha kamilika. Mpira unaozuia mvua isiingie mlangoni si pambo. Sisi ndio tuliotafsiri tukiwa mezani bila kukitazama kitu.

Neno tunalolipendekeza

Baada ya kosa hilo tulirudi kwa wenyeji wa kazi, tukauliza si jina la kitu bali mahali uchafu unapojificha. Dereva mmoja mzee wa Bukoba alitujibu kwamba gari ni kama kanga: mji wake kila mtu anaufua, lakini uchafu hukaa kwenye pindo. Tuliona kwamba jibu lile lilikuwa limetupita sisi wote.

Kanga ina mji katikati, ina ujumbe, na ina pindo linaloizunguka. Gari nalo lina bodi iliyo kama mji, na lina pindo linaloizunguka na kuifunga mahali kioo kinapokutana na bati au bati linapokutana na bati. Zaidi ya hayo, katika nguo iliyoshonwa pindo ni mahali palipokunjwa, na palipokunjwa pana upande wa ndani usioonekana. Jina hili linabeba mambo yote mawili: uzuri wa nje na siri ya ndani. Linamwonya mwoshaji kabla hajaanza.

Tuliyapima maneno mengine. Nakshi ni neno zuri, lakini ni la uchongaji na uchoraji, na mpira wa kioo hauna nakshi. Taraza inakaribia maana, lakini wachache wanaijua nje ya ushonaji. Ukingo ni mwisho wa bati lenyewe, si kitu kilichofungwa juu yake. Ukanda unagongana na mkanda wa feni na mkanda wa usalama. Pindo halina mgongano wowote kati ya hii, nalo linajulikana kwa kila mwenye kanga nyumbani kwake.

Kwa hiyo tunapendekeza pindo, wingi wake mapindo, katika ngeli ya LI-YA. Kutokana nalo tunapata pindo la kromu, pindo la alumini, pindo la mpira na pindo la plastiki. Mfereji wa paa ubaki kama ulivyo, kwa kuwa unaeleweka. Nafasi iliyo nyuma ya pindo iitwe uvungu wa pindo, kama tusemavyo uvungu wa kitanda. Uchafu uliogandamana humo tunapendekeza uitwe nongo, neno la zamani la uchafu wa mwili ulioshikamana na ngozi. Basi kazi yenyewe itakuwa kutoa nongo katika mapindo. Neno nikeli lisifukuzwe, bali lirudishwe kwa madini yake.

Mtu akiuliza atajuaje pindo ni la nini, jibu la awali ni rahisi. Sumaku hushika chuma kilichopakwa kromu, wala haishiki alumini wala plastiki. Plastiki hujulikana kwa kugongwa kwa ukucha. Mahali penye shaka, pachukuliwe kuwa ni alumini: maji, sabuni nyepesi, mswaki laini, na waya ubaki jikoni.

Hitimisho

Historia hii fupi inatufundisha kwamba pengo la istilahi si lazima litokane na umaskini wa lugha. Mara nyingi hutokana na kutoulizwa kwa mtu anayefaa. Kwa miaka mingi tumewauliza mafundi majina ya injini, na walitujibu vizuri. Hatukumwuliza mwosha magari, kwa kuwa kazi yake ilionekana ndogo mno kuhitaji kamusi. Lakini yeye ndiye anayegusa kila inchi ya gari kwa mikono yake.

Mapendekezo haya si amri. Tunawaomba wasomaji wa Kagera na wa sehemu nyingine watuandikie majina wanayoyatumia, pamoja na maelezo ya namna yanavyotumika. Ikiwa liko neno lililo bora kuliko pindo katika banda lolote la kuoshea magari, liwe la Kiswahili au la lugha jirani, tutafurahi kuliacha letu na kulichukua hilo. Tunalotaka ni kwamba siku nyingine mzee atakapoinama karibu na kioo cha gari lake, yeye na kijana wawe wanazungumza juu ya kitu kimoja.